Ganda la Shaba au Ganda la Chuma: Mwongozo kwa Mmiliki Mpya wa Silaha

Katika mikutano ya usalama tunayoifanya pamoja nanyi katika vijiji vya mpakani, kuna swali ambalo limekuwa likitujia mara kwa mara kutoka kwa wananchi waliopewa vibali vya kumiliki silaha kwa mara ya kwanza. Muulizaji huwa ni mfanyabiashara wa mazao anayesafiri na fedha, mfugaji mwenye mifugo mingi, au mlinzi wa kampuni binafsi aliyetoka mafunzoni karibuni. Amekwenda kwa muuzaji mwenye leseni, akaonyeshwa pakiti mbili za risasi zenye kipimo kimoja. Katika pakiti ya kwanza risasi zinang'aa manjano kama pete mpya. Katika ya pili ni za kijivu, au za kijani kilichofifia. Hii ya pili ina bei nafuu. Naye anauliza: tofauti hiyo ya bei inanunua nini?

Tunalipenda swali hili kwa kuwa linaulizwa kabla ya kununua, si baada ya ajali. Tutalijibu kwa ukamilifu kadiri nafasi inavyoruhusu. Lakini tunataka ieleweke mapema kwamba kwa sisi tunaoishi karibu na mpaka jibu haliishii dukani. Risasi ikishapigwa, kichwa chake huenda zake. Ganda ndilo linalobaki chini. Na kile kinachobaki chini huokotwa na mtu, mara nyingi mtoto. Kwa hiyo kuchagua ganda ni pia kuchagua jambo utakalowajibika nalo baada ya mlio kunyamaza.

Neno moja la utangulizi. Makala hii haimshawishi mtu yeyote kutafuta silaha. Imeandikwa kwa ajili ya wale ambao tayari wana vibali halali, na kwa ajili ya majirani zao ambao hawana silaha ila wanaishi karibu na waliyo nayo.

Kazi ya ganda

Tunaposema risasi, mara nyingi tunachanganya vitu vinne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka na kupiga. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, yaani kidonge kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, ambacho kikigongwa hutoa cheche. Na kuna ganda, ambalo hushika vyote vitatu pamoja.

Mtu avutapo kifyatulio, pini ya silaha hugonga fataki, fataki huwasha baruti, nayo baruti hugeuka kuwa gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika bastola ya milimita 9, msukumo wa gesi hiyo hufikia zaidi ya mara 2,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Ganda ndilo kizibo kinachoizuia gesi hiyo isirudi nyuma kuelekea kwenye mitambo ya silaha na uso wa mpigaji. Baada ya hapo linatakiwa kulegea mara moja, ili ndoana ndogo iliyo kwenye silaha ilivute na kulitupa nje, nafasi yake ichukuliwe na risasi inayofuata.

Ganda basi lina kazi mbili zinazopingana: kubana sana kwa nukta moja, na kuachia upesi nukta inayofuata. Tofauti ya shaba na chuma iko hapo.

Shaba

Maganda ya manjano hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Kwa kawaida shaba ni takriban asilimia 70 na zinki asilimia 30. Madini haya yakichanganywa hivyo huwa laini na yenye kunyumbuka. Gesi inapojaa, ganda hutanuka na kushikamana na kuta za chemba kama vile tyubu ya baiskeli inavyoibana tairi ikijazwa upepo. Gesi haipati upenyo. Msukumo ukiisha, ganda hunywea kidogo na kuachia, nalo huvutwa nje bila shida.

Sifa nyingine ya shaba ni kwamba haishiki kutu kama chuma. Ikikaa kwenye unyevu hubadilika rangi na kuota ukungu wa kijani, nao ukungu huo ni dalili kwamba risasi haikuhifadhiwa vizuri. Aidha, ganda la shaba linaweza kutumika tena viwandani au kwa mafundi wenye leseni ya kujaza risasi upya. Hiyo ndiyo sababu katika nchi ambako kazi hiyo inaruhusiwa wapigaji huyaokota maganda yao kwa uangalifu. Kwetu sisi kujaza risasi nyumbani si jambo la kujaribiwa, na risasi iliyojazwa upya na mtu usiyemjua isiingie kamwe katika silaha yako.

Chuma

Maganda ya kijivu au ya kijani hutengenezwa kwa chuma laini. Kwa kuwa chuma hushika kutu, hupakwa laka, plastiki ngumu au madini mengine kama zinki. Chuma ni kigumu kuliko shaba. Hakitanuki kwa wepesi uleule, hivyo gesi na masizi kidogo hupenya kati ya ganda na chemba. Tena hakinywei kwa wepesi uleule, hivyo ndoana hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi.

Tusikidharau chuma. Historia yake ni ya uhitaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shaba ilikuwa adimu na ilihitajiwa kwa mambo mengi. Ujerumani ikatengeneza maganda ya chuma kwa wingi, na Muungano wa Kisovieti ukaendelea na njia hiyo kwa miongo mingi baada ya vita. Risasi ya Kisovieti ya milimita 7.62 kwa 39, iliyobuniwa mwaka 1943, ina umbo linalopungua kutoka kitako kuelekea shingo, mfano wa karoti. Umbo hilo hulifanya ganda liachie chemba mara linapoanza kuvutwa. Ndiyo maana bunduki za jamii ya Kalashnikov humeza maganda ya chuma kwa mamilioni bila kunung'unika. Hata hivyo hizo si silaha ambazo raia wa kawaida hupewa kibali cha kuziweka nyumbani. Mazoea ya bunduki ya askari hayawezi kuwa ushahidi wa kile kinachoifaa bastola yako au bunduki yako ya kuwindia.

Yapo pia maganda ya alumini, hasa katika risasi za bastola. Nayo ni nafuu, na kanuni zake zinakaribiana na za chuma: hupigwa mara moja tu, na silaha nyingine huyapokea vizuri kuliko nyingine.

Je, chuma huharibu silaha?

Hapa kuna mkanganyiko ambao tungependa kuuondoa. Watu husema kwamba ganda la chuma hukwangua mtutu. Ganda haliingii mtutuni. Hubaki kwenye chemba. Kinachopita mtutuni ni kichwa. Katika risasi nyingi za bei nafuu, kichwa chenyewe pia kimevikwa koti la chuma lililopakwa utandu mwembamba wa shaba. Koti hilo ni gumu kuliko koti la shaba tupu, na baada ya maelfu ya risasi huchakaza mtutu upesi zaidi. Mtu anayepiga risasi chache kwa mwaka hataiona tofauti hiyo. Kampuni ya ulinzi yenye silaha zinazotumiwa mazoezini na walinzi wengi itaiona.

Kuna jambo jingine kuhusu kichwa chenye chuma. Kikigonga jiwe au bamba la chuma kinaweza kutoa cheche na kudunda kwa ukali. Kwa sababu hiyo viwanja vingi vya shabaha hupima risasi kwa sumaku kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Sisi wenyewe tunakumbuka nyasi za kiangazi zilivyo. Cheche moja katika mwezi wa ukame inatosha kuteketeza malisho ya vijiji viwili, na moto hauulizi mpaka uko wapi.

Sumaku pia ni msaada kwa mnunuzi, kwa kuwa macho hudanganya. Kuna maganda ya shaba yaliyopakwa nikeli yakang'aa meupe kama chuma. Kuna maganda ya chuma yaliyopakwa shaba yakaonekana ya manjano. Hata kitako cha manjano cha risasi ya shotigani, katika aina nyingi, ni chuma kilichopakwa utandu wa shaba, na hilo si kasoro. Ukigusisha sumaku ndogo kwenye ganda, kisha kwenye kichwa, utajua unachonunua. Lakini kumbuka sumaku hukuambia madini tu. Haikuambii kama risasi ni nzima, ni halali, au inaifaa silaha yako.

Ganda linapokwama

Tumeeleza kwamba chuma huacha masizi zaidi kwenye chemba na huvutika kwa shida zaidi. Katika silaha safi, mpya na iliyotengenezwa vizuri, mara nyingi hakuna linalotokea. Katika silaha chafu, au yenye chemba yenye kutu, ganda hukwama. Hatari huongezeka mtu anapopiga risasi nyingi za chuma kisha, bila kusafisha, akaweka za shaba: ganda la shaba hutanuka juu ya masizi yaliyoachwa, likagandia hapo.

Siku moja mmiliki mmoja wa bastola alifika kituoni kwetu kwa bodaboda, akiwa ameifunga silaha yake katika kitambaa cha mezani. Ganda lilikuwa limekwama, ndoana ikakata ukingo wake, na risasi nzima nyuma yake ikawa imesukumwa ikasimama nusu ndani, nusu nje. Alikuwa amejaribu kuling'oa kwa msumari, jikoni kwake, watoto wakiwa chumba cha pili. Fundi wetu wa silaha alimaliza kazi ile kwa dakika chache. Tukamuuliza kwa nini hakutupigia simu tangu mwanzo. Akajibu, "Afande, niliogopa mtaichukua."

Jibu lile lilitufundisha jambo kuhusu sisi wenyewe kama lilivyomfundisha yeye. Kwa hiyo tunaliandika hapa waziwazi: mwenye kibali halali anayeomba msaada kwa silaha iliyokwama hajafanya kosa kwa kuomba. Usiibebe mwenyewe njiani. Iweke ikielekea mahali salama, waondoe watu, piga simu kituoni au kwa namba 999 au 112, nasi tutakuja.

Na ukivuta kifyatulio pasitokee mlio, usiigeuze silaha kutazama kuna nini. Endelea kuielekeza mahali salama kwa angalau sekunde 30, maana fataki huweza kuchelewa kuwasha. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa kupiga. Huenda kichwa kimebaki mtutuni, na risasi ya pili nyuma yake inaweza kuupasua mtutu mkononi mwako.

Ununue ipi?

Kwanza, soma kitabu cha maelekezo cha silaha yako. Baadhi ya watengenezaji husema wazi kwamba hawatawajibika ikiwa silaha itaharibika kwa maganda yasiyo ya shaba. Neno la mtengenezaji ni kubwa kuliko la rafiki, na ni kubwa kuliko letu.

Pili, hakikisha kipimo kilichochapwa kwenye kitako cha risasi ni kilekile kilichochapwa kwenye mtutu wa silaha. Kukaribiana si kulingana. Risasi inayoingia si lazima iwe risasi inayofaa.

Tatu, kwa mpigaji mpya ushauri wetu ni kuchukua ganda la shaba kutoka kiwandani, likiwa katika pakiti yake isiyofunguliwa. Hatusemi hivyo kwa kudharau chuma. Mpigaji mpya bado hajazoea kutofautisha mlio sahihi na mlio mbovu, wala mkono wake haujajua silaha inavyofanya kazi ikiwa salama. Akianza na risasi isiyokwama ovyo, kosa likitokea atajua kwamba linatoka kwake au kwenye silaha, na mwalimu wake ataweza kulisahihisha. Isitoshe, yeye hupiga risasi chache. Akiba ya bei kwa pakiti moja au mbili ni ndogo mno kulinganisha na gharama ya fundi, na haina thamani yoyote kulinganisha na jicho.

Nne, ikiwa silaha yako inaruhusu chuma na umekichagua kwa ajili ya mazoezi, basi kubali na kazi yake: safisha chemba kila baada ya mazoezi, usichanganye chuma na shaba katika siku moja bila kusafisha, na usitumie risasi zenye kutu au laka iliyobanduka.

Tano, jihadhari na risasi kuukuu za kijeshi, ziwe za shaba au za chuma. Nyingi kati ya zile za zamani zilikuwa na fataki ambazo huacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kwetu katika nchi ya maziwa na mvua, mtutu huweza kushika kutu kwa siku chache. Na hata kabla ya kutu, kuna sheria: risasi za namna hiyo zinazouzwa kwa siri sokoni au kwenye vivuko, zikiwa zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, hazina njia halali. Anayezinunua ananunua pia kesi. Wahenga walinena kwamba cha rahisi ni ghali.

Uhifadhi ni mmoja kwa aina zote. Weka risasi mahali pakavu, pasipo joto kali, chini ya kufuli, mbali na silaha yenyewe. Usizipake mafuta kwa nia ya kuzilinda. Mafuta hupenya polepole na kuua fataki. Na baada ya kushika risasi au kusafisha silaha, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa kuna risasi na fataki zenye madini ya sumu.

Ganda linalobaki chini

Sasa tufike kwenye lile tulilosema mwanzoni. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ganda la chuma lililoachwa porini hushika kutu na kusahaulika, lakini ganda la shaba hung'aa, na kinachong'aa huokotwa. Watoto wetu wanajua bei yake kwa kilo. Wakitafuta maganda matupu, hukutana pia na risasi nzima, maana katika maeneo yaliyopitiwa na vita, wizi wa mifugo na magendo, ardhi imehifadhi mengi. Mtoto haoni tofauti kati ya ganda lisilo na kitu na risasi iliyo hai. Vyote ni shaba.

Tumewahi kuitwa mahali ambapo mabaki ya vyuma yalikuwa yakiyeyushwa kwa ajili ya kutengeneza sufuria. Kijana mmoja alikuwa ameleta kopo la maganda, na ndani yake mlikuwa na risasi mbili ambazo hazijapigwa. Motoni zilipasuka. Risasi inapolipuka nje ya silaha, kichwa hakirushwi kwa nguvu ya mtutuni, lakini ganda hupasuka vipande vikali vinavyoruka pande zote. Kipande kimoja kiliingia mkononi mwa kijana yule. Mkono ulipona, kingepanda shubiri chache juu zaidi, tungekuwa tunaeleza habari ya jicho.

Wazee husema mtoto akililia wembe mpe. Wembe humkata kidole naye hujifunza. Hawakusema hivyo kuhusu risasi, kwa kuwa risasi haiachi mwanafunzi. Mzazi ukimwona mtoto ana risasi, usimpigie kelele akaitupa. Mwambie aiweke chini taratibu na asogee mbali. Usiigonge, usiichome, usiitoboe, usiifukie. Weka alama mahali hapo, mjulishe mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi. Nanyi wanunuzi wa vyuma chakavu, mkataeni anayewaletea maganda, na mtujulishe alikoyaokota. Hatutafuti kumfunga mtoto aliyeokota. Tunatafuta mahali alipookota.

Ganda lina siri nyingine. Kwenye kitako chake huchapwa alama za kiwanda, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Pini na ndoana za silaha nazo huacha mikwaruzo yake, na wataalamu wa uchunguzi huisoma chini ya darubini. Ganda moja lililookotwa baada ya uvamizi wa zizi linaweza kuonyesha kwamba silaha ile ile ilitumika katika tukio jingine, hata ng'ambo ya mpaka. Nchi zetu jirani, zikiwamo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, ili zishirikiane kudhibiti silaha ndogo, kuziwekea alama na kubadilishana taarifa. Itifaki hiyo huanza kufanya kazi pale mwananchi anapoacha ganda la mahali pa tukio lilipo, bila kuligusa, akatuita.

Kwa upande wa mwenye kibali, hii ndiyo sababu tunamtaka ahesabu. Ukienda mazoezini na risasi 20, rudi na maganda 20, au maganda na risasi zilizobaki zitimie 20. Tandika turubai upande ambao silaha hutupia maganda. Kazi itakuwa nyepesi. Yaandike katika daftari: tarehe, mahali, idadi. Ganda lako likiokotwa mahali pasipostahili, daftari hilo ndilo litakalokutetea.

Na kabla ya kuvuka mpaka, hata kama ni kwenda sokoni au msibani upande wa pili na kurudi jioni, pekua mifuko ya koti, kiti cha gari na mkoba. Kibali chako kimetolewa na nchi moja. Tanzania ina Sheria yake ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake, na kila nchi ina yake. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni, ambayo jana ilikuwa halali nyumbani kwako, hatua kumi mbele yaweza kuwa kosa la jinai. Tumewaona watu wema wakilala mahabusu kwa risasi ambayo hawakukumbuka kuwa wanayo.

Hitimisho

Basi tumjibu yule aliyeuliza. Tofauti ya bei kati ya ganda la shaba na la chuma inanunua wepesi wa ganda kuachia, chemba iliyo safi zaidi, na uvumilivu zaidi kwa makosa ya mtu anayejifunza. Chuma si kibaya kwa silaha iliyotengenezwa kwa ajili yake na kwa mtu anayeisafisha. Kwa mpigaji mpya mwenye risasi chache, tungechagua shaba. Kisha tungeihesabu yote, kabla na baada, maana shaba hiyo hiyo inayomwokoa mpigaji ndiyo inayomvuta mtoto.

Mwenye swali juu ya aina ya risasi iliyotajwa katika kibali chake, au mwenye risasi za zamani alizorithi na asizojua la kufanya nazo, asione haya. Afike kituoni mikono mitupu, risasi aziache zilipo, aeleze. Tutakwenda naye.